Nodi ya Bitcoin nyumbani: Chagua programu itakayostahimili umeme ukikatika

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa mpakani hapokei noti kwa kuamini uso wa anayemlipa. Huipapasa, huiinua kwenye mwanga na kutazama alama zake, kwa kuwa hasara ya noti bandia humwangukia yule aliyeipokea mwisho. Kwa wanaotumia sarafu ya kidijitali ya Bitcoin, kazi hiyo ya ukaguzi hufanywa na nodi, yaani kompyuta yenye programu inayohakiki malipo yote. Siku hizi zipo programu zinazomwezesha mtu wa kawaida kuiendesha nodi yake nyumbani.

Programu hizo ni nyingi na kila moja husifiwa na wenyewe. Makala hii inaeleza tofauti zake, pamoja na mambo ambayo mtu wa mazingira yetu, mwenye umeme wa kukatika na intaneti ya kununua kwa kifurushi, anapaswa kuyapima kabla ya kutoa fedha zake.

Nodi hufanya nini

Tangu Januari 3, 2009, malipo yote ya Bitcoin huandikwa katika daftari moja lililo wazi kwa kila mtu, ambalo huongezwa ukurasa mpya kila baada ya dakika 10 hivi. Nodi hupakua daftari hilo tangu ukurasa wa kwanza na kukagua kama kanuni zimefuatwa: kwamba aliyelipa alikuwa na fedha hizo, hakuzitumia mara mbili, na hakuna sarafu iliyozuka bila utaratibu.

Asiye na nodi hutegemea kampuni iliyotengeneza programu ya simu yake imwambie kuwa malipo yameingia. Mara nyingi kampuni hiyo huweza pia kuona ana kiasi gani. Mwenye nodi huuliza mashine yake mwenyewe.

Haileti faida

Hapa ndipo wengi wanapotapeliwa. Nodi ya Bitcoin haimlipi mwenye nayo hata senti moja. Kupata sarafu mpya ni kazi ya wachimbaji, wanaotumia mashine maalumu na umeme mwingi, kama Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilivyoanza kufanya mwaka 2020 kwa umeme wa maji wa Luviro. Kwa hiyo anayekuuzia "nodi ya Bitcoin" itakayokuletea faida ya kila siku anakudanganya.

Mfano wa kukumbuka ni OneCoin, iliyoanzishwa mwaka 2014 na kuuzwa katika nchi nyingi, Uganda ikiwamo. Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kuwa watu walitoa zaidi ya dola bilioni 4, na Septemba 2023 mmoja wa waasisi wake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 huko New York. Sarafu hiyo haikuwa na daftari la wazi, hivyo hakuna mnunuzi aliyeweza kuweka nodi na kukagua. Swali la kumuuliza muuzaji wa sarafu yoyote ni hili: naweza kulikagua daftari lenu kwa kompyuta yangu?

Programu zilizopo

Mama wa zote ni Bitcoin Core, ambayo ni programu huria na ya bure. Inaweza kuwekwa peke yake kwenye kompyuta yenye Windows, Linux au macOS. Nyingine zinazotajwa hapa ni vifurushi vinavyoibeba ndani yake, vikiongeza kurasa za kubofya na programu nyingine.

Umbrel ilitoka mwaka 2020 na inapendwa kwa sura yake nzuri na urahisi wake. Ina duka la programu, hivyo mashine moja inaweza kutunza nodi, picha na mafaili ya familia. Hata hivyo, leseni yake hairuhusu matumizi ya kibiashara. Mfanyabiashara anayefikiria kuunganisha mashine, kuzijaza Umbrel na kuziuza ajue kuwa anahitaji kibali cha wenyewe.

StartOS ya kampuni ya Start9 ya Marekani inatilia mkazo usalama na nakala za akiba. Nakala hizo hufungwa kwa neno la siri na kuwekwa kwenye diski ya nje. Sura yake haina mbwembwe, lakini inaonyesha wazi huduma ipi ni nzima na ipi ina hitilafu.

RaspiBlitz ilianza mwaka 2018 na inatunzwa na watu wa kujitolea. Imekusudiwa hasa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na leseni yake ya MIT inaruhusu hata biashara. Inamfaa anayetaka kujifunza, maana baadhi ya kazi hufanywa kwa kuandika amri. MyNode nayo ina toleo la bure na lile la kulipia lenye huduma zaidi.

Umeme na diski

Adui mkubwa wa nodi ni umeme kukatika ghafla wakati programu inaandika kwenye diski. Kumbukumbu zikiharibika, nodi inaweza kulazimika kulihakiki daftari upya, kazi ya siku kadhaa kwa mashine dhaifu. Raspberry Pi yenye diski ya SSD hutumia kiasi cha wati 10, yaani takriban yuniti 7 kwa mwezi, lakini haina betri. Itahitaji UPS.

Laptopu ya zamani yenye betri nzima hula umeme zaidi kidogo, ila hujihifadhi yenyewe umeme unapokatika, na mwenyewe hupata nafasi ya kuizima taratibu. Bitcoin Core, Umbrel na StartOS zinaweza kufanya kazi kwenye kompyuta za kawaida za aina hiyo. Usiliweke daftari kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, kwani huchakaa upesi kwa kuandikwa mara kwa mara.

Gharama ya intaneti

Daftari zima sasa limepita gigabaiti 600 na linaendelea kukua, kwa hiyo anayetaka kulitunza lote anunue diski ya terabaiti 2. Bitcoin Core inaweza kuamriwa ifute kurasa za zamani baada ya kuzikagua na kubakiza sehemu ndogo tu. Njia hiyo huokoa diski lakini haiokoi kifurushi, kwa kuwa kurasa zote lazima zipakuliwe kwanza.

Suluhisho moja ni kunakili kurasa kutoka kwenye diski ya mtu mwingine, kisha kuiamuru Bitcoin Core izihakiki zote upya. Usikubali kupokea matokeo ya ukaguzi wake, maana hapo utakuwa umerudi kuamini uso wa mtu. Baada ya hapo, kurasa mpya huhitaji kati ya megabaiti 150 na 300 kwa siku, bila kuhesabu mawasiliano mengine. Nodi pia huwapa wengine kurasa za zamani, nayo hula kifurushi. Weka kikomo kwenye mipangilio.

Fedha zikae mbali

Nodi ni mkaguzi, si sanduku la fedha. Maneno 12 au 24 ya siri yanayofungua fedha zako yaandikwe kwenye karatasi na kufichwa, yasipigwe picha wala kuhifadhiwa kwenye mashine hiyo. Nodi ikiibwa au kuungua, utapoteza kifaa tu.

Hali hubadilika ukiwasha huduma ya Lightning, ambayo vifurushi vingi huitoa kwa ajili ya malipo madogo ya haraka. Hapo fedha hukaa kwenye mashine inayopaswa kuwa hewani, na diski ikifa bila nakala ya akiba unaweza kuzipoteza. Anayeanza aiache kwanza.

Sheria za nchi unazovuka

Msimamo wa serikali hubadilika kwa kuvuka mpaka. Burundi ilipiga marufuku biashara ya sarafu hizi mwaka 2019, na mwaka huo huo Benki Kuu ya Tanzania iliwaonya wananchi, ingawa mwaka 2024 nchi hiyo iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda ilizizuia kampuni za malipo kusaidia kubadili sarafu hizo kuwa pesa za simu. Machi 2025 Benki Kuu ya Rwanda ilikumbusha kuwa faranga yake hairuhusiwi katika ubadilishaji huo. Kenya ilipata sheria ya watoa huduma mwaka 2025. Anayefanya biashara pande mbili aulize pande zote mbili.

Uamuzi

Mwenye laptopu ya zamani na fedha kidogo aanze na Bitcoin Core peke yake. Anayetaka nakala za akiba zilizopangwa vizuri atazame StartOS. Anayetaka wepesi na huduma za familia, Umbrel. Anayetaka kujifunza au kuuza mashine, RaspiBlitz. Pakua kutoka kwenye tovuti ya wenyewe, na uhakiki sahihi ya faili kabla ya kuliweka.

Kisha ijaribu. Kabla hujaitegemea nodi kwa malipo yoyote, izime, chomoa nyaya, na uone kama unaweza kuirudisha kazini bila kumwita fundi. Usipoweza, badilisha programu mapema, wakati hakuna malipo yanayoitegemea.