Kimia cha Fundo la Suleimani: Kazi Nyepesi kwa Uzi Kidogo

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kutoka Pumwani na Shauri Moyo hata Kaloleni, Makongeni na Jericho, ni nadra mgeni kukaribishwa nyumbani asione kitambaa kilichofumwa kwa mkono juu ya kiti au meza. Vingi ni vya uzi mweupe wa pamba, vyenye maua na nyota, vimekazwa kwa wanga vikasimama wima. Mama mwenye nyumba hukumbuka kila kimoja kilimchukua siku ngapi. Kazi hiyo ni ya fahari, lakini ina mambo mawili yanayomzuia mama mwenye fedha chache: hula uzi mwingi, tena hula siku nyingi.

Makala haya yaeleza mshono mwingine, ambao hutumia uzi kidogo kwa sababu sehemu kubwa ya kitambaa chake ni nafasi tupu. Ng'ambo huitwa fundo la Suleimani, na wengine huuita fundo la wapendanao. Watu wa pwani wana neno lao zuri la kazi ya namna hii, nalo ni kimia. Kimia ni wavu mdogo wa kutupwa majini kwa mkono, na pia ni kitambaa cha urembo chenye matundu. Kwa kweli mtu aliyepata kuona wavu wa wavuvi ukianikwa juani amekwisha kuuona mshono wetu: macho yenye pembe nne, yaliyofungwa kila pembe kwa fundo dogo. Tofauti ni kwamba wavu hushika samaki, na huu hushika baridi ya asubuhi mabegani pa mtu, hasa katika miezi ya Juni na Julai.

Vyombo vyake ni viwili tu, uzi na sindano ya kulabu. Kwa anayejifunza, kulabu ya unene wa milimita 3 na nusu au 4 yatosha, pamoja na uzi laini wa sweta usio na manyoya mengi, maana manyoya huficha mahali pa kupenyeza kulabu. Asiye na fedha ya uzi mpya na anunue sweta kuukuu katika soko la Gikomba, alifue, kisha alifumue. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja. Uzungushe nyuma ya kiti, uufunge mahali pachache, uuloweshe, uutundike ukauke ukiwa na uzito kidogo chini, nao utanyoka. Lakini tazama mishono ya ubavuni kabla ya kulipa. Sweta lililokatwa kwa makasi na kushonwa kwa mashine halifumuki. Litakupa vipande vifupi vifupi visivyo na faida.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Funga kitanzi juu ya kulabu, ufume vitanzi viwili vya mnyororo. Ingiza kulabu katika kile cha kwanza, uvute uzi, nawe utakuwa na vitanzi viwili juu ya kulabu. Zungusha uzi tena, uuvute upite katika vyote viwili. Huo ndio mshono mfupi, na hapo ndipo mwanzo wa kazi.

Kitanzi kilichobaki juu ya kulabu kivute kiwe kirefu, kadiri ya inchi moja. Zungusha uzi, uuvute upite ndani ya kitanzi hicho kirefu. Hapa simama utazame vizuri, kwa kuwa ndipo wengi wanapopotea. Chini ya kulabu utaona nyuzi tatu ndefu zimesimama pamoja: mbili ni za kile kitanzi ulichokivuta, na moja iko nyuma peke yake. Penyeza kulabu kati ya uzi ule wa nyuma na zile mbili, uvute uzi, na vitanzi viwe viwili. Zungusha tena, upitishe katika vyote viwili. Fundo limekaa. Vuta kitanzi kirefu kingine, ufanye vivyo hivyo.

Ukipenyeza mahali pengine, kwa macho fundo litafanana na lile la haki, lakini halitashika. Lijaribu kwa kulivuta kwa vidole. Fundo la haki halisogei, na la uongo huteleza, hata kitanzi kimoja kikarefuka na jirani yake kikafupika. Ni afadhali kufumua fundo moja saa hiyo kuliko kugundua kosa baada ya safu kumi.

Mikono ikizoea, fuma mkanda wa mafundo 13. Hesabu vitanzi virefu vitatu nyuma kutoka kwenye kulabu, na katika fundo lililo mwisho wa kitanzi cha tatu funga mshono mfupi. Halafu fuma mafundo mawili mapya, ruka fundo moja la mkanda, ufunge katika linalofuata. Endelea hivyo, na mwisho wa safu utaangukia kwenye mshono ule wa kwanza kabisa ulioanzia. Geuza kazi. Fuma mafundo matatu, ufunge katika fundo la kwanza lililobaki huru, yaani lile la katikati ya jozi ya mwisho uliyofuma. Kisha mafundo mawili na kufunga, mawili na kufunga, kila mara katika fundo lililo huru. Safu hukamilika katika fundo la pili la yale matatu yaliyotumika kugeukia safu iliyotangulia. Asiyelikumbuka fundo hili la mwisho ataona kitambaa chake kikipungua upande mmoja kama pembe ya tanga.

Urefu wa vitanzi nao wataka uangalifu. Kipimo kizuri ni kidole chako mwenyewe: chagua pingili moja, na kila kitanzi kilingane nayo. Mazungumzo yanapokolea, hasa ya habari za jirani, vitanzi hurefuka pasipo mtu kujua, na mtandio hupanuka mahali ambapo habari ilikuwa tamu.

Ujuzi wa kufuma una historia katika mitaa hii. Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa chini ya usimamizi wa serikali ya kikoloni, na katika klabu zake wanawake walifundishwa kushona, kufuma, kupika na malezi ya watoto. Miaka ile ilikuwa ya Hali ya Hatari. Mwezi wa Aprili 1954 maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, walikamatwa Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Jamaa nyingi zikatawanyika, na wanawake wengi wakaachwa kutafuta riziki peke yao. Basi wako walioziona klabu hizo kuwa mkono wa serikali, wakauliza ni nani afumaye maua na mumewe yuko kizuizini. Swali hilo halikuwa la kipuuzi. Lakini ni haki pia kusema kwamba wanawake hawakungoja klabu ndipo mikono yao ijue kazi. Mama wa Kikuyu au wa Kikamba aliweza kusuka kiondo huku akitembea njiani, na wazee wa Pumwani walivaa kofia za viua, zenye matundu madogo yaliyozungushiwa uzi kwa sindano. Kulabu iliwakuta watu wanaojua tayari kulifanya tundu kuwa pambo.

Wala si hapa tu ambapo kazi hii ilifuata shida. Huko Ireland, njaa kuu ya viazi ilipoanza mwaka 1845, wanawake na wasichana maskini walifundishwa kufuma kimia kwa kulabu, na kazi yao ikauzwa kwa matajiri wa nchi nyingine. Fedha ile iliwapa chakula wengi ambao mashamba yao hayakuwapa kitu.

Faida hiyo, hata hivyo, haiji kwa kufuma peke yake, bali kwa kuhesabu. Mama wengi huuza mtandio kwa bei ya uzi na kitu kidogo juu yake, wakaona wamepata. Saa zao hawazihesabu, kana kwamba mikono haina gharama. Yafaa mtu aandike katika daftari bei ya uzi, nauli ya kwenda kuununua na saa alizofanya kazi, kisha aamue saa yake moja ni ya shilingi ngapi. Hapo ndipo fundo la Suleimani linapoonyesha nguvu yake kuliko kitambaa cha maua, kwa sababu uzi ni kidogo na safu huenda upesi. Mnunuzi akisema dukani viko vya bei rahisi, mwambie kwa upole kwamba kimia cha viwandani hufumwa kwa njia nyingine kabisa, na kazi hii ni ya mkono.

Jambo moja limebaki, nalo limeharibu mitandio mingi mizuri. Kazi hii isifuliwe kwa kusuguliwa, wala isianikwe kwenye kamba. Maji yana uzito, na vitanzi vitavutika hata mtandio wa bega ufike magotini. Uloweshe katika maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, uukamue kwa kuubonyeza ndani ya taulo, kisha uutandaze juu ya mkeka kivulini, ukivuta kila pembe kwa vidole mpaka macho yote yafumbuke sawa. Uuache hapo hata ukauke kabisa, na watoto wasiukanyage.