Zana ya Muktadha ya Linux na Msaidizi wa Msimbo wa Akili Unde: Mpaka wa Data kwa Mfano wa Kobero

Kobero, upande wa Muyinga nchini Burundi, na Kabanga, wilayani Ngara nchini Tanzania, ni pande mbili za kituo kimoja cha pamoja cha mpakani. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam hukamilisha taratibu za nchi zote mbili Kobero. Linalotoka Burundi huzikamilisha Kabanga. Mifumo ya kompyuta, hata hivyo, imebaki miwili. Mamlaka ya mapato ya Burundi, OBR, hutumia ASYCUDA World, mfumo uliobuniwa na UNCTAD, ilhali forodha ya Tanzania ina TANCIS. Popote mifumo ya namna hiyo inapokutana, huhitajika programu ndogo za kuoanisha sehemu za huu na sehemu za ule. Kuziandika ni kazi ambayo msaidizi wa msimbo wa akili unde anaweza kuirahisisha sana, kwa sharti kwamba aelezwe kwanza miundo ya data inayohusika. Bila maelezo hayo atakisia, na makisio katika forodha ni kodi iliyokokotolewa vibaya.

Maelezo hayo ndiyo muktadha, na zana inayoyatoa ni programu inayosoma faili za mradi, kamusi ya data na historia ya mabadiliko, kisha kujibu anapouliza msaidizi. Zamani kila msaidizi alihitaji kiunganishi chake kwa kila zana: wasaidizi 5 na zana 10 walidai viunganishi 50. Mnamo Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza itifaki ya wazi iitwayo Model Context Protocol, kwa ufupi MCP, na OpenAI ikaikubali Machi 2025. Kwa itifaki hiyo kila upande huandikwa mara moja tu, hivyo 50 huwa 15. Wazo lenyewe si geni. Microsoft ililitumia mwaka 2016 kati ya vihariri vya msimbo na lugha za programu.

Ichukuliwe kwamba mtayarishaji programu yuko Gitega na kompyuta yake ni ya Linux. Msaidizi huianzisha zana kama mchakato mtoto, na mazungumzo hupita katika njia mbili za kawaida za mfumo, ya kuingizia na ya kutolea. Kila ujumbe hufuata muundo wa JSON-RPC 2.0 na hukaa katika mstari mmoja. Kwanza pande mbili hukubaliana toleo la itifaki, kisha zana hutaja inachoweza kufanya, ndipo maombi yaanze. Mstari mmoja wa maneno ya kawaida ukiponyoka katika njia ya kutolea, hata salamu tu, unaweza kuvuruga mazungumzo. Taarifa za uendeshaji hupelekwa kwenye njia ya makosa.

Mchakato mtoto hurithi haki za mtumiaji aliyeuanzisha. Mtumishi anayeweza kufungua folda ya matamko ya forodha ameifungulia zana pia, atake asitake. Linux ina dawa ya zamani: mtumiaji wa pekee kwa ajili ya zana, mwenye haki ya kusoma tu, tena katika folda ya miundo na data za majaribio peke yake.

Jambo linalowapotosha washauri wa sera ni neno “ndani”. Zana iko Gitega, msaidizi yuko Gitega, katika kompyuta ileile. Ni rahisi kuhitimisha kwamba hakuna data iliyotoka nchini. Lakini jibu la zana huambatishwa kwenye swali linalopelekwa kwa modeli, na modeli ya kampuni ya kigeni kwa kawaida huendeshwa katika seva zilizo nje. Jina la mwagizaji, namba yake ya mlipakodi na thamani ya shehena huvuka bila kusimama Kobero wala Kabanga. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Faili iliyotoka upande huo haiachi masharti yake mpakani.

Kuendesha modeli ya wazi katika seva ya nyumbani hubakisha muktadha nchini, ila hudai mitambo ghali na umeme usiokatika. Njia iliyo karibu zaidi ni kuifanya zana yenyewe kuwa mkaguzi: ifute majina na namba kabla ya kujibu. Kuwasihi watumiaji wawe waangalifu hakutoshi, kwa kuwa jibu likishamfikia msaidizi, zana haina tena uwezo wa kulirudisha.

Ukaguzi huo unahitajika pia kwa yanayoingia. Maelezo ya bidhaa katika tamko huandikwa na wakala wa forodha, mtu wa nje. Akiingiza humo sentensi yenye umbo la amri, msaidizi anaweza kuitii kana kwamba imetoka kwa mwenye mradi. Kwa hiyo zana yoyote yenye uwezo wa kuandika, kufuta au kutuma inapaswa kungoja idhini ya binadamu kwa kila tendo, na idhini hiyo iwekwe katika kumbukumbu pamoja na jina la aliyeitoa.