Bia ya Mexico chini ya jua la Nyangwe

Kachupa keupe ka bia ya Mexico kalifika Nyangwe juu ya pikipiki, katikati ya Primus. Tukaionja. Baridi haikuwako, frigo inataka mazutu na mazutu iko bei.

Tuseme ukweli: ni nyepesi. Uchungu kidogo, utamu kidogo, kisha inapotea mdomoni. Wachimbaji waliotoka kariyeri walicheka, eti maji. Harufu nayo haikuwa nzuri, lakini kosa ni la jua. Mwanga ukipita kwenye chupa nyeupe unaharibu hobloni, lile ua linaloleta uchungu, na haikawii. Ndiyo sababu Primus inavaa chupa ya kahawia. Wengine wanatia ndimu. Na sisi tukatia. Kweli, ikawa afadhali.

Kumbe hizi bia ni ndugu. Ufundi wa kuzipika kwa baridi ulitoka Ulaya: kule Mexico Mjerumani Wilhelm Hasse alianzisha Dos Equis mwaka 1897, na Primus ilianza Léopoldville 1926. Kinachopunguza uzito ni mahindi ama mchele unaochanganywa na shayiri. Mchele! Mama zetu wa Kasongo wanaujua vizuri, uliletwa huku na misafara ya Waswahili toka pwani, karne ya 19.

Sasa bei. Kachupa ka santilita 33 kaliombwa pesa ya Primus mbili kubwa. Tulinunua kamoja, tukagawana watu wanne. Tungojane hadi mwisho wa wiki, dhahabu ikipimwa, tuone nani atarudia.