Safari ya likizo: Kula njiani, uache fedha shambani

LIKIZO ya shule ya katikati ya mwaka ikifika, barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya hubadilika sura. Magari madogo yaliyojaa watoto, mabegi na zawadi za bibi na babu huungana na mabasi na malori ya Zambia. Safari ya zaidi ya kilometa 800 hadi Mbeya si ya kumaliza kwa chupa ya maji na pakiti ya biskuti. Lazima watu wale.

Wengi wetu tunalichukulia suala hilo kama usumbufu wa safari. Lakini kwa wakulima wa vitunguu, nyanya, mpunga na wafugaji wa kuku walio kando ya barabara hiyo, tumbo la msafiri ni soko. Ni soko linalokuja lenyewe hadi mlangoni, likiwa na fedha taslimu. Swali ni kwamba fedha hiyo inaangukia kwa nani, na je, msafiri naye anapata chakula chenye thamani ya fedha yake?

Dakika ishirini za basi

Aliyewahi kupanda basi la mikoani anaufahamu utaratibu. Kondakta anatangaza dakika 20 za chakula, abiria wanashuka mbio, wengine foleni ya choo, wengine foleni ya chipsi. Kabla hujamaliza kutafuna, honi inapigwa. Hoteli ya kusimama huchaguliwa na wenye basi, si abiria, na ni kawaida dereva na kondakta kula bure kwa sababu wameleta wateja.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua basi lenye abiria 50, na tuseme 30 kati yao wananunua chakula cha Sh7,000. Hiyo ni Sh210,000 kwa basi moja. Hoteli inayopokea mabasi kumi kwa siku itaingiza Sh2.1 milioni kabla ya kutoa gharama. Ikiwa abiria 16 katika kila basi watachagua robo kuku, basi moja linamaliza kuku wanne, mabasi kumi kuku 40, na mwezi mzima kuku 1,200.

Hapo ndipo mkulima anapopaswa kutega sikio. Kuku 1,200 kwa mwezi ni oda ambayo mfugaji mmoja wa kijijini hawezi kuitimiza, lakini kikundi cha wafugaji 20 kinaweza, kila mmoja akitoa kuku 60. Mwenye hoteli hahitaji kuku wa leo tu. Anahitaji uhakika kwamba kesho na keshokutwa watakuwapo, wenye uzito unaolingana. Asipoupata uhakika huo kijijini ataufuata mjini, na kuku watapita barabarani wakiwa kwenye barafu mbele ya macho ya mfugaji.

Msafiri mwenye gari lake ana uhuru ambao abiria wa basi hana, wa kusimama anapotaka. Na kanuni ya kula vizuri njiani ni rahisi: kula kile ambacho eneo hilo linalima au kufuga.

Chalinze hadi Mikumi

Kituo cha kwanza kwa wengi ni Chalinze, kilometa zaidi ya 100 kutoka Dar es Salaam, ambako barabara ya Tanga na Arusha inaachana na ya Morogoro. Hapa harufu ya nyama choma na mahindi ya kuchoma humfikia mtu kabla hajafungua mlango wa gari. Halmashauri ya Chalinze ndiyo yenye Kiwangwa, eneo maarufu kwa mananasi. Katika msimu wake, nanasi la njiani ni kitindamlo bora kuliko soda, mradi ulimenye mwenyewe au limenywe mbele yako kwa kisu kilichooshwa.

Morogoro si lazima kukaa sana, ila ni pazuri kwa kununua ndizi na machungwa yanayoshuka kutoka milima ya Uluguru. Baada ya hapo jiandae kuendesha polepole. Barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilometa 50, na mabango yanaeleza faini ya kila mnyama atakayegongwa. Twiga na tembo mara nyingi huonekana bila kulipa kiingilio, lakini hairuhusiwi kushuka wala kutupa maganda dirishani.

Mji wa Mikumi ndio mahali pa kula wali. Kutoka hapa inachepuka barabara ya Kidatu na Ifakara, yaani bonde la Kilombero lenye mpunga na miwa. Mchele una safari fupi kutoka shambani hadi chunguni. Agiza wali na maharage au kuku wa kienyeji, kisha uliza mchele ni wa wapi. Mpishi anayejua jibu hilo bila kusitasita ni dalili nzuri.

Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni

Ukiteremka kutoka Mikumi unaingia kwenye bonde la mibuyu, joto likiwa kali, na kando ya barabara zinaanza kuonekana ndoo na mifuko ya vitunguu vyekundu. Hapa ni Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, ambako wakulima hutumia maji ya mito kumwagilia mashamba yao. Gari likipunguza mwendo tu, vijana wanakimbilia dirishani.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kununua ndoo nzima hapa bila kuangalia, kwa furaha ya bei. Wiki moja baadaye jikoni Dar es Salaam kulinuka. Vitunguu vya juu vilikuwa vizuri, vya chini vilikuwa vimevunwa vikiwa bado vibichi, shingo hazijakauka. Tangu siku hiyo anamwaga ndoo kwanza, anaminya shingo ya kitunguu, na kama ni laini anakiacha. Kitunguu kizuri cha safari kina shingo iliyokauka na kusinyaa, ganda linalochakarisha na hakina chipukizi.

Kuna somo la biashara katika hilo. Mkulima anayevuna mapema kwa sababu ya kubanwa na ada ya shule anauza mara moja. Anayekausha vizuri na kupanga kwa ukubwa anamfanya mteja asimame tena wakati wa kurudi, na kuwaagiza jirani zake wasimame kwake.

Kubwa zaidi ni suala la kipimo. Mnunuzi wa jumla anapofika shambani, mkulima hulazimishwa kufunga lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, na kulipwa kama gunia moja. Lumbesa imepigwa marufuku na sheria ya vipimo, lakini bado inalalamikiwa msimu hadi msimu. Ndoo ya barabarani ina faida kwamba muuzaji na mnunuzi wote wanaiona ikijaa. Msafiri anayenunua ndoo mbili kwa bei ya haki anamwachia muuzaji nafasi ya kukataa lumbesa moja.

Nyanya za Ilula, sosi ya Iringa

Baada ya Ruaha Mbuyuni unakuja mlima Kitonga. Hapa usiwe na haraka. Malori yanapanda kwa mwendo wa kinyonga na kona ni kali. Wengi hupumzika chini ya mlima kwanza, injini ipoe na watoto wanyooshe miguu.

Ukishapanda hewa inabadilika na unafika Ilula, wilayani Kilolo, makao ya nyanya. Hapa matenga ya mbao yamepangwa kando ya barabara yakisubiri malori ya Dar es Salaam. Nyanya haisubiri. Zikiiva zote kwa wakati mmoja bei inaanguka, na mkulima huchagua kati ya kuuza kwa hasara na kuziacha zioze. Kwa msafiri, ushauri ni kununua zile zilizoanza tu kubadilika rangi na kuziweka juu ya mizigo, si chini.

Jibu la tatizo la nyanya huenda limekaa mezani pako bila wewe kujua. Chupa za sosi ya Dabaga, ambazo walaji wa chipsi wanazifahamu, zinatoka kiwanda kilichopo Iringa. Nyanya iliyosindikwa haikimbizani na jua. Kila mgahawa wa njiani unaoweka mezani sosi iliyotengenezwa nchini badala ya ile ya kuagizwa nje unamsaidia mkulima wa nyanya kupata soko la pili.

Mjini Iringa, zaidi ya kilometa 480 kutoka Dar es Salaam, baridi ya Juni inadai supu na chapati. Hapa pia kuna mgahawa wa Neema Crafts, mradi ulioanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kuwapa kazi watu wenye ulemavu. Kwa miaka mingi wahudumu wa mgahawa huo wamekuwa viziwi, na wageni hawasimami hapo kwa huruma bali kwa keki na kahawa.

Mfano wa Kisolanza

Kilometa kama 50 mbele ya Iringa, kwenye barabara ya Mbeya, lipo shamba la Kisolanza. Msafiri anaweza kulala, kupiga hema, kula chakula kinachotokana na mazao ya shamba hilo, na kununua nyama, mboga na mkate dukani. Kwa wafuatiliaji wa uchumi wa kilimo, hapa ndipo pa kujifunza. Shamba hili halikungoja dalali. Limeigeuza barabara kuwa mteja wake.

Mkulima mdogo atasema, na ana haki, kwamba yeye hana nyumba za wageni. Lakini hatua ni zile zile tatu. Ya kwanza ni kuuza kwa gunia, ya pili kwa ndoo, ya tatu kwa sahani. Kila hatua inaongeza bei ya kilo ile ile. Kikundi cha akina mama chenye banda safi, meza nne, maji ya kunawa yenye sabuni na choo kinachofungika tayari kina hatua ya tatu.

Choo si jambo dogo. Msafiri mwenye watoto hachagui mgahawa kwa wali kwanza, anachagua kwa choo. Amechoka kusimama porini "kuchimba dawa", jambo ambalo ni hatari na linachafua mazingira. Anayewekeza kwenye choo safi atauza chakula bila kupiga kelele.

Usiku na reli

Soko hili hata hivyo halina mkataba wa kudumu. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyoanza miaka ya 1990. Abiria wameokoa muda, lakini basi linalopita Ilula saa nane usiku halinunui nyanya. Katikati ya mwaka 2024 treni ya SGR ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kisha Dodoma. Dirisha la treni ya umeme halifunguliwi kwa muuza machungwa.

Maendeleo hayo hayarudishwi nyuma, na hakuna sababu ya kutaka yarudishwe. Ila wanaotegemea dirisha la basi pekee wanapaswa kuanza sasa kumvuta mwenye gari dogo, ambaye husimama kwa hiari yake. Halmashauri nazo, zinazotoza ushuru wa mazao barabara nzima, zingeweza kuurudisha kidogo kwa kujenga maegesho salama, maji na vyoo, ili kijana wa vitunguu asikimbizane na magari kwenye lami.

Na wewe msafiri, kabla ya kuwasha gari, beba ndoo tupu, kisu na noti ndogo ndogo. Kula cha moto, menya mwenyewe tunda lako, uliza bei kabla ya kukaa. Usibishane hadi shilingi ya mwisho na mama aliyeamka alfajiri kuchuma, wakati soda ya mjini hukuiombea punguzo. Ukifika kwa bibi huko Mbeya ukiwa umeshiba na buti limejaa, utakuwa umesafiri vizuri, na nyuma yako fedha imebaki mahali chakula kilikotoka.