Kiguu na Njia: Raha ya Kutembea Peke Yako na Somo Lake kwa Wahakiki

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Susuni, wilaya ya Tarime, na karibu kila asubuhi nilifanya jambo ambalo kwetu halina jina zuri. Nilitembea. Si kwenda sokoni, si kumjulia hali shangazi, si kufuata maji. Nilitembea tu, peke yangu, saa tatu hivi kwenda na kurudi. Makala hii inajaribu kueleza raha ya jambo hilo, kisha inauliza kwa nini sisi wanafunzi wa fasihi tukikutana nalo kitabuni tunakimbilia kuliita ugonjwa.

Tuanze na lugha, maana lugha ndiyo ushahidi wetu wa kwanza. Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja atembeaye bila shughuli, na karibu yote yanamsuta: anazurura, anatangatanga, anarandaranda, ni kiguu na njia. Methali nayo inamwonya kwamba mtembezi hula miguu yake. Ni kweli tunasema pia "tembea uone", lakini hapo tunamaanisha safari, kwenda mahali na kurudi na habari. Kwa msichana mambo ni mabaya zaidi. Ukisema fulani "anatembea na" fulani, hakuna atakayedhani kwamba wanapunga upepo. Kwa hiyo binti anayesema "natembea tu" ameshajihukumu kabla hajamaliza sentensi.

Siku ya kwanza nilitoka mikono mitupu. Kabla sijafika njia panda nilikuwa nimeshaulizwa na watu wanne.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Haya, unakwenda wapi?"

"Natembea tu, bibi."

"Unatembea tu? Kwani nyumbani kuna nini?"

Kijana wa bodaboda alisimama akanihurumia: "Dada, panda bwana, hela utanipa hata kesho." Kwake yeye, mtu anayekwenda kwa miguu siku hizi ni mtu aliyekosa nauli. Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Mama aliniuliza taratibu, kama anayeuliza mgonjwa, kama masomo yananielemea.

Siku ya pili nilichukua dumu tupu la lita 5. Basi, hakuna aliyeniuliza tena! Kila niliyempita alilijaza dumu lile kwa maana yake mwenyewe. Huyu alidhani nafuata maziwa, yule mafuta ya taa, mwingine maji. Nilisalimia, nikapita. Nilitembea na dumu lile likizo nzima na sikutia ndani yake hata tone moja. Wanawake wa kwetu wanatembea mwendo mrefu peke yao kila siku, lakini daima wana mzigo: kuni, ndoo, jembe, mtoto mgongoni. Mzigo ndio kibali chao cha kupita.

Sasa raha yenyewe ni nini? Nitaieleza kama inavyokuja, maana haiji yote kwa mara moja. Nusu saa ya kwanza hakuna raha yoyote. Kichwa kimejaa maneno ya watu: aliyonijibu fulani, ninachodaiwa, mtihani unaokuja. Asubuhi za kwetu juu ni baridi, migomba na mibuni ina umande, na ukipita kwenye kijia chembamba gauni linalowa hadi magotini. Unatamani kurudi kitandani. Halafu, bila wewe kujua ni saa ngapi hasa, miguu inashika mwendo wake na yale maneno yanaanza kupungua. Hayaishi, ila yanapanga foleni. Unaweza kulichukua moja ukalitazama, ukaliweka.

Mimi huwa napima kwa mashairi. Shairi letu la kawaida lina mizani 16 katika mshororo, 8 kwa 8. Njia ikiwa tambarare, mizani moja hatua moja, kipande kinakwisha vizuri na kituo kinakuja mahali pake. Nikianza kupanda kilima pumzi inakatika kwenye mizani ya tano au ya sita, na kina kinaniponyoka. Hapo ndipo nilipoelewa, kwa mapafu na si kwa daftari, kwamba mizani ni kipimo cha pumzi ya binadamu. Darasani nilikuwa nazihesabu kwa vidole tu.

Juu kileleni kuna mahali naweza kuona mbali upande wa Kenya. Mpaka wenyewe huuoni, maana mashamba ya huku na ya kule yanafanana, na Wakurya wako pande zote mbili. Simu tu ndiyo inayoujua: mara inalia mfukoni kunikaribisha Kenya, nami sijatoka Tarime. Nilicheka peke yangu. Nikawaza kwamba ningekuwa na mwenzangu tungelizungumza jambo lile, likaisha pale pale. Kwa kuwa nilikuwa peke yangu, nilirudi nalo. Kwangu hiyo ndiyo raha kubwa kuliko zote: unachokiona kinabaki chako kwa muda, kabla hakijapewa jina na wengine.

Hapa sasa niingie kwenye fasihi. Darasani tumejizoesha njia ya mkato. Mhusika akijitenga na watu, tunaandika "ukengeushi". Akienda peke yake akiwaza, tunaongeza "udhanaishi", tunapata alama zetu, tunakwenda kula. Mfano wetu mkuu ni Kazimoto wa Kichwamaji (1974), riwaya ya marehemu Euphrase Kezilahabi. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu aliyerudi kwao Ukerewe likizoni, hakupatana tena na kwao, na mwisho akajiua. Sikatai kwamba Kazimoto alikuwa na ugonjwa wa roho. Ninachosema ni kwamba upweke wake ulimpata akiwa katikati ya watu: nyumbani, kwa marafiki, katika mapenzi. Kuwa mpweke na kuwa peke yako ni mambo mawili, na uhakiki wetu unayachanganya kama karanga na kokoto.

Tumwangalie Shaaban Robert. Katika Kusadikika (1951), Karama akijitetea mahakamani anasimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande 6, hadi mbinguni na ardhini. Mmoja mmoja walikwenda, wakaona, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, wakatiwa gerezani. Kwa kawaida tunasoma hapo dhamira ya dhuluma na uongozi mbaya, na ni sawa. Lakini hebu tuwatazame wajumbe wale kama watu walio njiani. Ujumbe wao ni dumu langu! Bila kutumwa, raia wa Kusadikika angetokaje mlangoni? Mwandishi aliwapa mzigo ili wapite. Hata hivyo, nadhani kilichowatisha wakubwa ni kwamba kila mmoja alirudi akiwa ameona mambo bila jirani pembeni wa kumwambia aone nini.

Wenzetu wa nje nao wana madumu yao. Jean-Jacques Rousseau, mwanamume, aliandika kitabu kizima juu ya matembezi yake ya upweke, kikachapishwa mwaka 1782 baada ya kifo chake, naye hakuona haja ya kusingizia shughuli. Lakini Virginia Woolf, katika insha yake ya mwaka 1927 juu ya kutembea London jioni, anaanza kwa kutafuta sababu ya kutoka nyumbani, na sababu anayoipata ni kwenda kununua penseli. Penseli ya London na dumu la Susuni vinafanya kazi moja.

Kezilahabi mwenyewe, kwa maoni yangu, alikuja kulijibu suala hili katika Nagona (1990). Tunalalamika kwamba kitabu hicho ni kigumu, hakina msuko, mambo yanajitokeza tu. Mimi nililalamika vilevile mwaka wa kwanza. Likizo hii nilikisoma upya, sura moja kabla ya kutoka, nikaona kwamba mambo yanamjia msimulizi kama yanavyomjia mtu aliye njiani peke yake: hakuna anayemweleza, hakuna anayemwongoza, inambidi aende mbele ndipo ajue. Huenda tulikuwa tunatafuta msuko wa hadithi ya barazani katika kitabu cha mtembezi.

Najua kuna mwenzangu atakayesema huu ni ubinafsi. Atanikumbusha kwamba mkoa huu wetu wa Mara ndiko Mwalimu Nyerere alikoanzia matembezi yake ya Oktoba 1967, kutoka Butiama hadi Mwanza, maili 138, kuunga mkono Azimio la Arusha. Nayaheshimu matembezi yale. Nguvu yake ilikuwa kuonwa na watu, kwamba kiongozi naye anaweza kutia vumbi miguuni. Nguvu ya matembezi ninayoyaeleza ni kutoonwa. Nchi inahitaji yote mawili, na mtu aliyepata saa tatu za kujisikia mwenyewe hurudi mkutanini na neno la kusema.

Wala sisemi njia ni salama kwa kila mtu. Kwetu kumekuwa na ugomvi wa koo na wizi wa ng'ombe, na kijana mgeni akionekana peke yake alfajiri anaweza kudhaniwa mwizi. Kaka yangu anaulizwa maswali kama mimi: yeye anashukiwa ng'ombe, mimi nashukiwa mwanamume. Bibi wa njia panda ana sababu zake za kuuliza, na namshukuru. Nashindana na swali lile likihamia darasani, tunapoanza kumuuliza kila mhusika aliye peke yake: kwani nyumbani kuna nini?

Pendekezo langu kwa wahakiki wenzangu ni dogo. Tukimwona mhusika njiani peke yake, kabla ya kumpima homa tuangalie amebeba nini, nani alimtwika, na angefanya nini kama angeutua mzigo ule. Naamini tutakuta raha nyingi zimefichwa chini ya ujumbe, barua na ndoo za maji, hasa kwa wahusika wanawake.

Siku ya mwisho ya likizo niliacha dumu jikoni makusudi. Bibi alikuwa pale pale njia panda.

"Leo huna dumu?"

"Sina, bibi. Natembea."

Alinitazama kidogo. "Haya, tembea. Ila urudi kabla jua halijawa kali."

Sijui kama alinielewa au alichoka kuniuliza. Uwanja uko wazi kwa atakayenipinga.