Usalama kazini ufike hadi chumba cha meno

Usalama mahali pa kazi unapotajwa katika Mkoa wetu wa Lindi, fikra za wengi huelekea kwenye vinu vya mkonge, mashamba ya chumvi au mitambo ya gesi ya Songo Songo. Ni wachache wanaokumbuka chumba cha kung'olea meno. Humo hamna moshi wala ngurumo. Mna kiti, taa, koleo na sindano ya ganzi. Hata hivyo, hapo ni mahali pa kazi, na hatari zake huingia mwilini kimya kimya.

Amri ya Viwanda ya mwaka 1950, tuliyorithi kwa mkoloni, iliangalia zaidi viwanda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, iliifuta na kupanua ulinzi huo. Mwajiri anatakiwa kusajili mahali pa kazi, kuwapima afya wafanyakazi na kuwapatia vifaa vya kujikinga. Mwenye mashine ya eksirei anawajibika pia kwa Tume ya Nguvu za Atomiki.

Tabibu anayeshika koleo yumo hatarini, lakini wanaosahauliwa ni msaidizi anayeosha vifaa na mhudumu anayebeba taka. Katika kila watu 100 wasiochanjwa wanaochomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini B, hadi 30 waweza kuambukizwa. Kwa virusi vya UKIMWI ni kama 3 katika kila 1,000. Tena homa hiyo ya ini ina chanjo: dozi 3 katika miezi 6. Kumwajiri mtu aoshe makoleo yenye damu bila kumchanja ni kumdhulumu.

Kinga yenyewe si jambo la miujiza. Sindano isifunikwe kwa mikono miwili. Itupwe katika kisanduku chake mara baada ya kutumika, na kisanduku kifungwe kikijaa robo tatu. Vifaa visafishwe kwa maji na sabuni, kisha vitakaswe kwa mvuke wenye mgandamizo, nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15. Kuvipitisha katika maji ya moto tu hakutoshi.

Aliyechomwa aoshe jeraha na atoe taarifa saa ile ile, kwani dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Kwa hiyo timu inayovuka kwenda visiwani kutoa huduma ya meno haina budi kubeba visanduku na dawa hizo. Saa 72 hazingojei kusi itulie.

Iko pia zebaki ya kuzibia meno. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi wanachama zilikubaliana kuikomesha zebaki hiyo ifikapo 2034. Kabla ya hapo, masalia yake yasichomwe moto wala kumwagwa katika mfereji unaoelekea baharini tunakovua samaki.

Linalosikitisha zaidi ni ukimya. Mfanyakazi aliyechomwa akiogopa kukaripiwa, hunyamaza. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamtambua, lakini akiugua baada ya miaka atathibitisha kwa nini, ikiwa ajali yake haikuandikwa popote? Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliwakataza viongozi dharau na uonevu. Mkubwa wa kazi anayemfokea aliyeumia anavunja msingi huo.

Tunawataka viongozi wa halmashauri zetu, na wenye zahanati binafsi, wahakikishe kila chumba cha meno kina daftari la ajali, kisanduku cha sindano na wafanyakazi waliochanjwa wote, mhudumu wa usafi akiwamo. Wakaguzi nao waanze kwa kulifungua daftari hilo na kuzungumza na anayeosha vifaa. Hati ya usajili iliyotundikwa ukutani haimkingi mtu na sindano. Dini zetu zinatufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Ni haki yake pia arudi kwa watoto wake akiwa na afya aliyokuja nayo.