Kichwa Kiumapo Upande Mmoja

Kuna maumivu ya kichwa yanayokaa nyuma ya jicho moja. Jicho hilo hububujika machozi, pua hutiririka, na mgonjwa huzungukazunguka chumbani, hawezi kutulia. Nilipata kumwambia ndugu mmoja alale kimya. Nilikosea, maana kulala kulimzidishia. Wengine husema ni pepo. Sivyo, ni ugonjwa.

Maumivu huchukua dakika 15 hata saa 3, na huweza kurudi mara 8 kwa siku. Kwa wenye ugonjwa sugu hayapumziki hata miezi 3 kwa mwaka. Vidonge vya kawaida huchelewa mno. Hospitalini mgonjwa huvutishwa oksijeni safi kwa dakika 15 hivi, na wengi hupata nafuu. Pombe huyaamsha, aiache. Usiku yakimshika, amka ukae naye.